Ameokotwa Barabarani

Kaka yake alianguka saa nne kasorobo asubuhi, kutoka ghorofa ya pili, pamoja na ubao aliokuwa amesimama juu yake. Yeye, dada mtu, alikuwa chini, anachota maji ya zege kwenye pipa, na alichosikia kwanza hakikuwa kilio. Ulikuwa ule ubao ukigonga mabomba ya jukwaa, moja baada ya jingine, kama mtu anayeshuka ngazi mbiombio. Kisha kishindo. Kisha mashine ya zege peke yake, ikizunguka.

Hakukimbia. Jambo hilo watu walimsema nalo baadaye, na wifi yake hakuwahi kulimeza: ndugu yako wa tumbo moja ameanguka, nawe unasimama kuangalia mawingu. Lakini hakuwa akiangalia mawingu. Siku mbili alizokaa kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza, mwalimu wao, mstaafu mmoja mwenye sauti ndogo, alirudia jambo lile lile mpaka wanafunzi wakaanza kumwigiza: kabla ya kumkimbilia aliyeumia, angalia kilichomuumiza. Kama bado kipo kitakuumiza na wewe, majeruhi watakuwa wawili na msaidizi hayupo. Basi akaangalia juu. Ubao wa pili ulikuwa umening'inia kwa upande mmoja, na rundo la matofali lilikuwa limeanza kuteleza juu yake. Alinyoosha mikono akawazuia wanaume waliokuwa wakija mbio. Akamwambia fundi nondo apandie upande wa pili aushike ubao ule, na alipoona umeshikwa kweli, ndipo akaenda.

Kaka yake alikuwa amelala chali juu ya kifusi, macho wazi, vumbi la saruji limeganda kwenye kope. Yeye alipiga magoti nyuma ya kichwa chake, akatia viwiko chini, akakikamata kichwa kwa viganja viwili ili kisiende kushoto wala kulia.

"Usigeuke," alimwambia. "Nisikilize tu. Unaumia wapi?"

"Mgongo." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha hata penye msiba, akaongeza, "Niliwaambia ubao ule umeoza. Hawakuniamini, nikaona niwaonyeshe."

Alimwambia achezeshe vidole vya miguu. Havikuwa na pa kujificha, maana kaka yake alikuwa akifanya kazi na kandambili. Buti zililetwa jozi sita, zikavaliwa siku ya kupigwa picha, zikarudishwa stoo. Vidole vilicheza. Mguu wa kulia, halafu wa kushoto, vyote kumi. Watu zaidi ya kumi waliviona, na mmoja wao hata akacheka kwa kufarijika. Yeye akaagiza lipigiwe simu gari la wagonjwa, akaomba koti la kumfunika, akasema mtu yeyote asimguse.

Hapo kazini walimwita Nesi. Hakuwa nesi wala nini. Alikuwa mbeba maji na mchanga, na alichaguliwa kwenda kwenye yale mafunzo kwa sababu karatasi za kampuni zilidai awepo mtu mmoja wa huduma ya kwanza, na mbeba maji ndiye ambaye angekosekana siku mbili na jengo lisijue. Aliporudi walimpiga picha ameshika sanduku jeupe lenye msalaba mwekundu. Picha ikabandikwa getini, chini ya ubao ulioandikwa idadi ya siku ambazo kazi imeendelea bila ajali. Sanduku lenyewe lilikuwa ofisini kwa Msimamizi, limefungwa, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwake.

Msimamizi alikuja akitembea. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alianza kazi miaka mingi nyuma kwa kubeba matofali kichwani, akapanda kidogo kidogo mpaka kofia ngumu nyeupe, na alijua jina la kila mtu na udhaifu wa kila mtu. Simu ilikuwa mkononi, bado ina mtu ndani yake. Aliinama akamtazama majeruhi, akauliza amepatwa na nini, naye Nesi akamweleza: ni mgongo, na mgongo haubahatishwi, alale hivyo hivyo mpaka waje wenye machela na ubao wa kumfungia. Msimamizi alisogea pembeni, akaongea na simu, akasikiliza zaidi kuliko alivyoongea. Aliporudi, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekwisha kutia sahihi. Wakaguzi wangefika saa nne na nusu.

"Mtoeni nje ya uzio," alisema. "Gari litamchukulia barabarani."

Nesi hakunyanyua mikono yake. "Mkuu, akinyanyuliwa vibaya hatatembea tena. Vidole vinacheza. Tazama mwenyewe."

Msimamizi akatazama. Hilo ndilo ambalo Nesi angelibeba kwa miezi saba iliyofuata, kama mtu anavyobeba jiwe ndani ya kiatu: kwamba mtu yule aliinamisha kichwa na kuvitazama vile vidole vikicheza.

"Nimeviona," alisema. "Sasa mtoeni."

Walinzi wawili walimbandua Nesi mikono kichwani pa kaka yake, kidole kimoja kimoja. Kaka yake alinyanyuliwa na wanaume wanne waliokuwa wakila naye mchana kwenye sufuria moja, wawili makwapani, wawili miguuni. Mguu wa kushoto aliushika fundi nondo. Hawakupita getini, kwa sababu getini ndiko wakaguzi wangeingilia. Walipita nyuma, kwenye mabati yaliyofunguka kidogo, na ili apenye iliwabidi wamlaze ubavu, kisha wampinde. Alipiga yowe moja. Halikumalizika. Lilikatika katikati, kama redio iliyochomolewa.

Walipomlaza kando ya barabara, Nesi alimfikia na kukishika tena kichwa. Kaka yake alikuwa ametulia ajabu.

"Dada," alisema, "miguu yangu mmeiacha ndani?"

Mpaka leo Nesi hajui kama ule ulikuwa mzaha.

*

Hospitali waliandika kile alichosema dereva, na dereva alisema kile alichoambiwa. Ameokotwa barabarani. Nesi alimfuata karani wa mapokezi dirisha kwa dirisha, akamweleza kwamba si barabarani, ni kazini, ameanguka mbele ya watu. Karani hakuwa mtu mbaya. Alimwambia alete barua ya mwajiri. Mwajiri alifungua daftari la mahudhurio, na kwenye mstari wa kaka yake, tarehe ile, palikuwa pameandikwa kwa wino mpya: hakufika. Bima haimjui mtu ambaye hakufika kazini. Baada ya wiki sita daktari alisema mfupa umeunga na sehemu nyingine haitaunga, akahitaji kitanda kwa mgonjwa mwingine.

Kisha Nesi akaitwa ofisini. Msimamizi alimkaribisha kiti, kitu ambacho hakijawahi kutokea, akamsomea barua. Ilisema mbeba maji, bila idhini, alimgusa na kumsogeza mtu aliyeumia, na huenda ndiye aliyemzidishia. Ilisema kuanzia siku ile asimguse majeruhi yeyote bila idhini ya Msimamizi. Kama hakubali, mlango uko wazi.

"Wewe unajua," Nesi alimwambia.

"Mimi najua mengi," alisema Msimamizi, na akamsogezea kalamu. "Kule nyumbani sasa anayefanya kazi ni nani? Ni wewe tu. Tia sahihi, dada. Sitaki uondoke."

Alitia. Nyumbani kulikuwa na kaka yake, wifi yake, watoto watatu wa kaka yake, na chumba kimoja chenye pazia katikati. Habari za barua zilifika mtaani kabla yeye hajafika. Wifi hakumtukana. Alimwuliza tu, akichambua mchele, kama ni kweli alikishika kichwa cha mume wake. Akajibu ndiyo. Wifi akaendelea kuchambua mchele. Tangu hapo walisemezana kwa kupitia watoto: mwambie shangazi maji yamechemka, mwambie mama sabuni imekwisha.

Watu walimshangaa kuendelea na kazi pale. Aliwajibu kwamba watoto wanakula, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na jambo la pili ambalo hakumwambia mtu ila kaka yake. Hakutaka kuwa mbali na Msimamizi. Mtu ukimchukia kwa mbali, chuki hupoa, na maisha yana mambo mengi ya kuipoza. Alitaka amwone kila siku. Alijua anatia sukari vijiko vitatu kwenye chai. Alijua akipanda ngazi hupumzika kwenye ya tisa, mkono kwenye goti. Alijua kikohozi chake cha asubuhi. Alipokuwa akimimina maji kwenye mashine alimwangalia mgongoni, pale ambapo shati lilishikana kwa jasho, akahesabu pingili.

Na jioni, kabla ya taa kuwashwa, alimgeuza kaka yake ubavu mwingine, akamsafisha vidonda vya makalio kwa maji ya chumvi, akamsugua miguu iliyokuwa ikikonda kama ya mtu mwingine. Kaka yake aliangalia ukuta. Mizaha ilikuwa imemwisha, imebaki mmoja tu, nao haukuchekesha.

"Leo bwana harusi kafanya nini?" angeuliza, akimaanisha Msimamizi.

Na Nesi angemwambia. Amegombana na fundi bomba. Amenunua viatu. Mtoto wake wa kwanza amefaulu mtihani, kaleta soda kusherehekea. Kaka yake alizisikiliza habari hizo macho yamefumbwa, kama mgonjwa anayemeza dawa.

"Umekunywa soda yake?"

"Nimemwaga kwenye zege."

"Vizuri," kaka yake angesema. "Subiri. Mwenye nguvu mpishe, lakini usiende mbali."

*

Siku yenyewe ilikuja saa nane mchana, juani, bila mtu kuisaidia. Walikuwa wakijiandaa kumwaga zege la ghorofa ya nne. Nondo za nguzo zilikuwa zimesimama wima kila pembe, ncha juu, tupu. Vile vifuniko vya plastiki vya kuzibia ncha vilikuwepo, vyekundu na vizuri, lakini vilivalishwa siku za ukaguzi tu, kwa kuwa Msimamizi aliona vinawachelewesha mafundi. Alikuwa akiongea na mhandisi kwenye simu huku akirudi kinyumenyume ili aonyeshe kwa mkono kitu ambacho mhandisi asingeweza kukiona. Kisigino kikakosa ubao. Hakuanguka mbali, ni kimo cha mtu mzima tu. Alianguka amekaa. Nondo iliingia nyuma ya paja la kulia na kutokea mbele, karibu na kinena, na ikamshikilia pale, nusu amesimama, nusu amekaa, amekumbatia nguzo ambayo ilikuwa bado haijajengwa.

Mashine ya zege ikazimwa. Safari hii ilizimwa mara moja.

Nesi aliweka ndoo chini. Akaangalia juu, akaangalia pembeni: mbao zimetulia, waya hakuna, hakuna kinachodondoka. Akatembea mpaka hatua tatu kutoka kwake, akasimama.

Fundi nondo alikuwa ameshafika na mashine ya kukatia chuma mkononi, uso umemsawijika. Wanaume wawili walimshika Msimamizi makwapani asizidi kushuka. Damu ilikuwa kidogo sana. Hiyo ndiyo hila ya chuma: kinachotoboa ndicho kinachoziba. Mwalimu yule mstaafu alilisema hilo kwa kalamu aliyoipitisha katikati ya mkate. Usichomoe. Kikate kwa chini, mpeleke mtu na chuma chake, wakichomolee huko kwenye taa na damu ya akiba.

"Nesi," alisema fundi nondo. "Nikate kwa chini?"

"Nichomoeni!" Msimamizi alikuwa akisema. "Ninyanyueni! Nitoeni hapa, jamani, nitoeni!"

Watu wote walimgeukia Nesi. Hakuna aliyemkumbuka Nesi kwa miezi saba ila kwa kumnyooshea kidole, na sasa wote walimgeukia kama mimea inavyogeukia dirisha.

"Mimi nina barua," alisema. Sauti yake ilitoka ya kawaida kabisa, kama anayejibu maji yako wapi. "Bila idhini ya Msimamizi simgusi mtu. Na Msimamizi ameshasema anachotaka."

 Fundi nondo akaweka mashine chini, akaingiza mikono chini ya mapaja ya mkubwa wake, na wote watatu wakanyanyua.

Kilichofuata kilikuja kwa mapigo. Walimlaza juu ya mbao, na damu ikaruka, ikatulia, ikaruka, ikazipita mbao na kudondoka ghorofa ya chini, ambako mtu aliuliza kwa hasira nani anamwaga maji. Msimamizi aliuona mguu wake. Alikuwa ameona watu wengi wakiumia. Alielewa upesi kuliko wote. Alimtafuta Nesi kwa macho mpaka akampata.

"Idhini," alisema. "Dada. Nakupa idhini."

Nesi alikwenda kwenye pipa. Alinawa mikono, kwanza viganja, halafu katikati ya vidole, halafu mpaka viwiko, kama alivyofundishwa, hakuruka hatua. Alifungua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja mara nne. Kisha akarudi, akapiga magoti, akakitia kitambaa kwenye kidonda na kukikandamiza kwa uzito wake wote, viwiko vimenyooka. Mikono yake ilijua kazi. Damu ikapungua, ikawa unyevu tu unaopanda polepole kwenye nguo.

"Usiniache," alisema Msimamizi.

"Chezesha vidole vya miguu."

Alijitahidi. Ngozi ya buti ikainuka kidogo.

"Vinacheza," Nesi alimwambia, ameinama karibu, kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia. "Vya kaka yangu vilicheza pia. Uliviona."

Msimamizi alifumba macho. Midomo ilikuwa imeanza kupauka. Alisema jambo kuhusu kazi, kuhusu kuambiwa, kwamba na yeye aliambiwa. Nesi alimsikiliza mpaka akamaliza.  Aliendelea kukandamiza.

Ndipo mlinzi mkubwa akapanda, amebeba simu ya Msimamizi aliyoiokota kifusini. Kioo kilikuwa kimepasuka lakini mhandisi alikuwa bado yumo, na alikuwa amesikia kila kitu. Mlinzi aliishika mbali na mwili wake.

"Mhandisi anasema ashushwe atolewe nje," alisema. "Kupitia nyuma. Gari litakuja upande ule. Anasema ikijulikana ni humu ndani, kazi inafungwa na sote tunakwenda nyumbani."

Hakuna aliyesogea.

"Mwambie ni mimi," alisema Msimamizi.

"Nimemwambia ni wewe, Mkuu."

Msimamizi akageuza kichwa akamtazama Nesi. Hakuomba. Alikuwa anamsubiri aseme, kwa maana alishamsikia akisema siku nyingine, na aliyakumbuka maneno yenyewe kama Nesi alivyoyakumbuka: alale hivyo hivyo, akinyanyuliwa vibaya. Wanaume nao walisubiri. Kama angesema safari hii wangemsikiliza. Aliliona hilo kwenye nyuso zao, na kumbe hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba siku ile pia wangeweza. Fundi nondo alisema polepole, "Nesi, ukiachia itakuwaje?"

Safari hii hakuna mlinzi aliyembandua vidole. Aliviondoa mwenyewe, mkono wa kushoto kwanza, halafu wa kulia, akasimama, akajifuta kwenye gauni.

"Mchukueni," alisema. "Mmeambiwa."

Gari lilikuja baada ya dakika ishirini na tano. Msimamizi alikuwa kando ya barabara, kivulini mwa mabati, na hakulihitaji tena.

*

Mhandisi alikuja mwenyewe kesho yake, na kwa mara ya kwanza alizungumza na mbeba maji. Alikuwa kijana wa kusoma, viatu safi, sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuchukua muda wako. Alimweleza kwamba ni pigo kwa wote, kwamba wafanyakazi sitini wana familia, kwamba marehemu mwenyewe angetaka kazi iendelee. Kisha akamwonyesha karatasi. Kwa kuwa yeye ndiye mtu wa huduma ya kwanza, sahihi yake ndiyo iliyotakiwa. Ilisema walimkuta mtu barabarani amegongwa na gari lisilofahamika, wakajaribu kumsaidia.

Nesi aliisoma yote, mstari kwa mstari, kidole chini ya maneno. Alijua kila neno lingefanya nini. Alijua karani angeuliza barua ipi, daftari lingefunguliwa ukurasa upi, na wino ungekuwa wa rangi gani. Alijua Msimamizi aliacha watoto wangapi. Aliwahi kuletewa soda yao. Alifikiria godoro la kaka yake, lile shimo lililojichimba katikati.

Alitia sahihi kwa herufi nzuri. Mhandisi alishukuru, akashangaa kidogo kwamba hakulazimika kumshawishi.

Kofia nyeupe ilioshwa akapewa fundi nondo. Asubuhi ya siku ya tatu alizunguka nayo kimya, haijamkaa vizuri, na alipofika kwenye nguzo zile alisimama akaziangalia ncha za nondo. Mhandisi akampigia simu. Akaitika, ndiyo, ndiyo, sawa Mkuu, na akaondoka bila kuagiza vifuniko. Getini namba kwenye ubao ilikuwa imeongezwa tatu.

Siku hiyo hiyo mke wa Msimamizi alikuja. Mlinzi alimleta mpaka kwenye pipa kisha akarudi haraka. Alikuwa mwanamke mfupi, amevaa nguo za msiba ambazo zilionekana za kuazima, na alisalimia vizuri, akauliza habari za kazi kabla ya kusema lililomleta.

"Dada yangu, nimeambiwa wewe ndiye uliyemkuta kule barabarani."

Nesi alikuwa amejiandaa. Miezi yote ile, alipofikiria siku hii, alimwona mwanamke akilia mbele yake, naye akimwambia ukweli kwa furaha, kipande kwa kipande. Alishika mdomo wa pipa.

"Ndiyo," alisema.

"Alisema chochote?"

"Hakusema kitu."

"Alikuwa peke yake?"

"Tulikuwepo."

Mwanamke alitikisa kichwa taratibu, kama anayepokea mzigo na kuupima. Kisha akaichukua mikono ya Nesi, ikiwa bado na saruji, akaishika yote miwili kifuani kwake. "Mungu akulipe," alisema. "Wangekuwa wengine wangempita tu. Magari mangapi yalimpita. Mungu akulipe, dada yangu."

Alipoondoka, Nesi alichota maji. Alichota mpaka ndoo ikafurika, akaendelea kuchota.

*

Jioni ilikuwa zamu ya kumkata kaka yake kucha. Wifi alikuwa uani na watoto. Mlango ulikuwa wazi na mwanga wa jua la mwisho uliingia mpaka kitandani. Nesi aliuweka mguu wa kaka yake mapajani, akatoa wembe kwenye karatasi yake, na akamwambia yote kwa mara ya tatu, kwa kuwa kaka yake hakuchoka kuyasikia. Alitaka kila kitu. Alitaka jinsi damu ilivyoruka, na rangi ya midomo, na hasa lile neno la mlinzi.

"Nimemwambia ni wewe, Mkuu," kaka yake alirudia, akicheka. Alicheka kicheko chake cha zamani, cha tumbo, ambacho hakikusikika nyumbani mle tangu ajali, na huko uani wifi aliacha kufua akasikiliza. "Nimemwambia ni wewe! Ee bwana. Na mke kakushukuru?"

"Amenishika mikono."

"Watoto wake watajua sasa. Watalijua shati la kuazima." Alifuta machozi ya kicheko kwa kiganja. "Sasa bado mhandisi. Na mwenye jengo. Mwenye jengo huwa anakuja lini?"

"Hajawahi kuja."

"Atakuja. Jengo likiisha atakuja kulifungua, si lazima? Atakuja na suti yake. Wewe subiri tu hapo hapo kwenye pipa lako. Mfanye kama ulivyomfanya yule. Mwombe idhini."

Akacheka tena, na mwili wa juu ukatikisika, na wa chini ukatikisika kwa kuvutwa tu, na wembe ukateleza. Uliingia kwenye kidole kikubwa, kando ya ukucha, ukazama. Nesi alivuta pumzi. Damu ilijaa kwenye mkato, ikafurika, ikatiririka unyayoni na kuingia kwenye gauni lake.

Kaka yake hakuacha kuzungumza. Alikuwa ameshafika kwenye suti, kwenye rangi ya suti, kwenye ngazi ambayo mwenye jengo angepanda na ubao ambao angeukanyaga. Macho yalikuwa yanamng'aa. Nesi alikishika kile kidole ndani ya ngumi, akakikandamiza kwa nguvu zake zote, akasubiri, akimwitikia ndiyo, ndiyo kaka, huku damu ya moto ikimpenya katikati ya vidole.